Ligamenti ya goti ikikatika: kisu kwanza au mazoezi kwanza?

Mchezaji anatua kutoka hewani, goti linaingia ndani, anasikia kitu kikikatika kama kamba. Mara nyingi hakuna hata aliyemgusa. Baada ya saa chache goti limejaa, na picha ya MRI ikishaonyesha kwamba ligamenti ya mbele ya msalaba, ile ya ACL, imekatika, kila mtu anauliza: atapasuliwa lini? Naona tunaliuliza hilo mapema mno.

Ligamenti hiyo, kamba ngumu inayofunga mfupa wa paja na wa muundi, ina urefu wa takribani sentimita 3 tu. Imekaa katikati ya goti, inazuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala kujizungusha kupita kiasi. Wanaotetea upasuaji wa mapema wana hoja nzito: isipokuwepo, goti huachia ghafla, na kila linapoachia linaweza kuchana meniski (mto wa kupunguza mshtuko kati ya mifupa ya goti) au kuumiza gegedu (ganda laini linalofunika ncha za mifupa). Meniski iliyoharibika hairudi kirahisi.

Lakini goti halishikwi na ligamenti peke yake. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta muundi kurudi nyuma, na mwili hujifunza kuikaza kwa wakati unaofaa. Mwaka 2010 watafiti nchini Sweden walitoa matokeo ya watu 121 wanaopenda michezo, wote wakiwa na jeraha bichi. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi huku mlango wa upasuaji ukibaki wazi. Baada ya miaka 2, hali za makundi hayo hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kati ya 59 walioanza na mazoezi, 23 walikuwa wamepasuliwa. Kufikia mwaka wa 5 walikuwa 30. Yaani karibu nusu yao hawakuhitaji kisu.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, uliohusisha watu 316, ulisema kinyume: waliopasuliwa walipata nafuu zaidi. Ila hao jeraha lao halikuwa bichi, na magoti yao yalikuwa bado yanaachia. Kwangu mimi tafiti hizi hazigombani. Moja inamzungumzia aliyeumia juzi, nyingine inamzungumzia ambaye muda umepita na goti limekataa kutulia.

Watu hudharau mazoezi kwa sababu mwanzo wake unaonekana mdogo mno. Mgonjwa anakaa, taulo limekunjwa chini ya goti, anaambiwa alikandamize kwa sekunde 5. Anakaza meno, anatazama paja lake, na msuli wa mbele hautikisiki. Si uvivu, uvimbe ndani ya goti huuzima. Siku msuli huo unapocheza chini ya ngozi, na goti likanyooka hadi mwisho, kazi imeanza. Baadaye ndipo huja kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kubeba uzito, kuruka, kutua na kukata kona.

Na anayechagua kisu naye hakwepi hayo yote. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji, kila mwezi wa kusubiri kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa takribani nusu. Vijana chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni ndio wanaonitia hofu zaidi, kwani karibu mmoja kati ya wanne huumia tena ligamenti hiyo, goti lile lile au la pili. Kocha anayemrudisha mtoto mwezi wa 6 kwa sababu kuna fainali anamchezea maisha.

Wapo ambao sitawacheleweshea upasuaji: mwenye meniski iliyochanika ikaligandisha goti, na yule ambaye goti linamwachia hata akishuka ngazi. Anayecheza mpira au kikapu kwa ushindani ana sababu nzuri ya kuelekea huko pia. Wengine wote, nawasihi wajipe miezi 3 ya mazoezi ya kweli, chini ya fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) anayewapima nguvu za miguu yote miwili, kisha ndipo wakakae na daktari wa mifupa.