Krenki Iwe ya Mwisho Kununuliwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Makorora alinijia gereji na kiroba begani. Alikitua kwenye benchi kwa uangalifu kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na krenki ya Subaru, ile shafti inayozungushwa na pistoni, yenye stroki (mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu) ya milimita 79, imeviringishwa kwenye magazeti, na kutu ya rangi ya chungwa ilikuwa imeanza kwenye shingo mbili, zile sehemu za duara zinazokaa kwenye beringi.

"Kaka, krenki ya stroka nimeshapata," akaniambia, uso umemng'aa. "Sasa nisaidie kutafuta vilivyobaki."

Sikumjibu papo hapo. Miaka sita iliyopita na mimi nilianza na krenki, na injini ile ilinigharimu mara mbili ya nilichopanga. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao baadhi ya mafundi wenzangu hapa Tanga hawaupendi: kwenye injini ya stroka, yaani iliyoongezwa stroki kwa kuwekewa krenki nyingine, krenki iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Jina la stroka linatokana nayo, ndiyo, lakini yenyewe ndiyo rahisi kuichagua. Pesa na usingizi hupotelea kwenye pistoni, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), boliti na vipimo.

Kwanza tuelewane kuhusu faida yenyewe, maana imekuzwa mno. Injini ya Subaru ya EJ20 ina silinda za kipenyo cha milimita 92 na stroki ya milimita 75, ndiyo ule ujazo wa sisi (cc) 1994. Ukiweka krenki ya EJ25, ndugu yake mkubwa, yenye stroki ya 79, silinda ukaziacha zilivyo, unapata kama sisi 2100. Ongezeko ni asilimia 5 na ushei. Mtu akikuambia gari itakuwa gari nyingine kwa krenki peke yake, anakuuzia krenki.

Hata hivyo sisemi haina maana. Anayepanda Amani anajua. Ukishaiacha Muheza na kuanza kuzipanda Usambara za Mashariki, njia ni vumbi, mawe na kona, na kila ukiachia mafuta kwenye kona turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inalala. Hadi iamke tena mwendo umeshakwisha. Stroki ndefu inasaidia hapo kwa sababu nguvu inaanza kuja mapema kidogo, kabla mizunguko haijapanda. Na kuna jambo jingine ambalo mimi nalipenda zaidi: silinda ya milimita 92 inabaki na kuta nene kuliko za EJ25, ambayo imetobolewa hadi 99.5. Ukitaka ujazo na bado unataka bloku imara chini ya turbo, njia hii ina akili.

Sasa hesabu iliyoniponza. Kutoka katikati ya krenki hadi uso wa bloku inapokaa hedi (kifuniko cha silinda), EJ ina kama milimita 201. Nafasi hiyo inagawanywa na vitu vitatu: nusu ya stroki, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni, yaani kutoka katikati ya pini inayoishika kwenye konrodi hadi juu ya kichwa chake. Kwa injini ilivyotoka kiwandani, nusu ya 75 ni 37.5, konrodi ni 130.5, inabaki 33 ya pistoni. Weka krenki ya 79: nusu yake ni 39.5, konrodi ileile 130.5, inabaki 31. Kwa hiyo pistoni ya zamani itachomoza milimita 2 juu ya uso wa bloku. Huko juu kuna hedi.

Mimi niliambiwa na aliyeniuzia kwamba pistoni za EJ20 "zinaingia tu". Kuingia ziliingia. Tatizo la Subaru ni kwamba bloku yake ni nusu mbili zinazobana krenki katikati kama mkate uliokatwa. Unafunga kwanza konrodi kwenye krenki, unaunganisha nusu mbili, ndipo unaingiza pistoni na kupitisha pini kwenye matundu ya pembeni. Makosa unayaona mwishoni, kazi yote imeshafanyika. Nilipofunga hedi na kuzungusha krenki kwa mkono, ilikwenda, ikakaribia juu, ikagoma. Nilirudisha nyuma nikajaribu tena taratibu. Ikagoma palepale. Nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji na nadhani hata adhuhuri niliisikia ikiadhiniwa bila kuinuka. Afadhali niliizungusha kwa mkono. Ningepiga stata ningevunja vitu ambavyo havikuwa na hatia.

Ndiyo maana nasema pistoni ndiyo moyo wa uchaguzi. Ukishajua kimo chake unajua konrodi. Ukijua konrodi unajua krenki ipi inakubalika. Ukianza na krenki, unalazimika kutafuta pistoni ya kuifuata, na pistoni ya kimo maalumu haipatikani kwa kutembea Ngamiani kutoka barabara moja hadi nyingine. Itaagizwa, itasubiriwa, na kama ovasaizi ya silinda zako, yaani zimepanuliwa kiasi gani, haijapimwa bado, itakuja isiyo saizi.

Kuna mambo mawili kwenye pistoni ambayo nataka kila mtu ayaulize kabla ya kutoa pesa. La kwanza ni bonde la kichwani. Stroki ikiongezeka na nafasi ya juu ikabaki ileile, kompresheni, yaani kiasi hewa inavyobanwa, inapanda. Injini ya turbo iliyokuwa 8 kwa 1 inakuwa kama 8.4 kwa 1. Si nyingi ukiisikia, lakini kwa joto letu la Februari, gari imebeba watu, turbo inasukuma na petroli ni ya pampu ya kawaida, hiyo sehemu ndogo ndiyo inayofanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake na kupasua kingo za pistoni zinazoshika ringi. Ukitaka kurudi kwenye 8, bonde la pistoni liongezwe kama sisi 4 kwa kila silinda. Mtu anayekuuzia pistoni bila kujua ujazo wa bonde lake hajui anachouza.

La pili ni madini. Pistoni za kusubu, zile za kiwandani, ni nzuri kwa gari ya kawaida ila hazisamehe mlipuko wa mapema. Za foji, yaani zilizofuliwa, ziko za aina mbili kubwa. Aloi (mchanganyiko wa alumini) ya 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, haitanuki sana, kwa hiyo unaweza kuifunga kwa nafasi ndogo kati yake na ukuta wa silinda na haigongi asubuhi. Aloi ya 2618 ina silikoni chini ya asilimia 1. Inavumilia mateso zaidi, lakini inatanuka, inataka nafasi kubwa, na injini ikiwa baridi utaisikia inapiga kuta mpaka ipate moto. Vijana wengi wanaagiza 2618 kwa sababu ndiyo ya mbio. Mimi kwa gari inayopeleka watoto shule Chumbageni na Jumamosi inakwenda Pangani, nachagua 4032 bila kusita. Ile nyingine nawaachia wanaokimbiza gari kwenye njia za mashamba ya mkonge na kufungua injini kila msimu.

Konrodi. Hapa watu hubishana kuhusu umbo lake, kama ni la H au la I, na wanasahau boliti. Wanadhani konrodi huvunjwa na moto wa petroli. Moto unaisukuma chini, na kusukumwa inavumilia. Kinachoichana ni kuvutwa: pistoni inapofika juu kwenye stroki ya kutoa moshi hakuna mgandamizo wa kuipunguza mwendo, na boliti mbili ndizo zinazoishika isiendelee na safari. Kwa mizunguko 7000 kwa dakika, kutoka stroki ya 75 kwenda 79, mvuto huo unaongezeka kati ya asilimia 6 na 7. Kwa hiyo kama una pesa ya konrodi nzuri yenye boliti za kawaida, au konrodi ya wastani yenye boliti bora, kaa chini ufikiri upya, kwa sababu hakuna jibu zuri hapo. Ongeza pesa upate vyote viwili. Na boliti zisifungwe kwa nguvu ya mkono na mazoea. Zipimwe zinavyorefuka.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu. Chuma kilichosuguliwa vizuri ukikiacha wazi benchini usiku mmoja, asubuhi kimeshabadilika rangi. Ziko boliti za chuma kigumu sana, kama zile ambazo ARP, kampuni ya boliti, huziita L19, ambazo unyevu na hata jasho la vidole vinaweza kuzianzishia nyufa. Mtengenezaji mwenyewe anasema zipakwe oili muda wote. Kwa gereji zetu zenye upande mmoja wazi, mimi sizigusi. Natumia daraja la chini yake, ARP 2000, nalala.

Ukishafika hapo ndipo krenki inapata zamu yake, na yenyewe ina mitego miwili. Baadhi ya krenki zimetiwa ugumu wa naitrojeni juujuu tu, ngozi nyembamba mno. Ukiipeleka kusagwa ili ufunge beringi za andasaizi, zile nene zaidi, unaweza kuwa umeichuna ngozi yote, ukabaki na chuma laini chenye sura nzuri. Krenki ya mtumba iliyo na shingo safi ambazo hazijasagwa ina thamani kuliko iliyosagwa ikang'aa. Mtego wa pili ni thrasti, ile beringi inayoizuia krenki isitembee mbele na nyuma. Bloku za EJ za mwanzo zinayo katikati, namba 3. Za baadaye ilihamishiwa nyuma, namba 5. Krenki na bloku lazima vilingane hapo, na kwa macho ya haraka dukani krenki zote zinafanana.

Beringi nitazipita haraka: usinunue kabla hujapima. Kanuni ya zamani ni nafasi ya sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya shingo, kwa hiyo shingo ya milimita 52 inataka nafasi ya kama milimita 0.05. Nafasi kati ya ncha za ringi hivyo hivyo. Kwa silinda ya 92 yenye turbo mimi naacha kama milimita 0.5 kwa ringi ya juu, siiachi ilivyotoka kwenye boksi.

Lakini nani anapima? Hili ndilo linaloniuma. Mji huu ulikuwa wa watu wa vyuma. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, na viwanda vya mkonge vilihitaji wakerezaji wa kurudisha shafti na beringi za korona, zile mashine za kuchambua mkonge, usiku na mchana. Mzee aliyenifundisha maikromita, kile kipimo cha unene mdogo sana, alikerezea mkonge nusu ya maisha yake. Nilipompelekea krenki yangu ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, hakuigusa. Aliifuta, akaiacha mezani, akaniambia, "Mwanangu, ipoe kwanza. Umetoka nayo juani, ukiipima sasa utapima jua." Tulikunywa chai saa nzima ndipo akaipima, kila shingo sehemu nne, akaandika kwenye daftari. Leo napelekewa injini zilizopimwa kwa ukucha. Fundi anapitisha kucha kwenye shingo, hasikii mkwaruzo, anasema iko sawa. Kucha haijui shingo iliyokuwa duara na sasa ni yai.

Maikromita nzuri na geji ya ndani ya silinda bei yake ni chini ya seti moja ya pistoni za foji. Kama mko vijana watatu wenye ndoto ya stroka, changeni mnunue hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Turudi kwa yule kijana. Nilimuuliza bloku yake ni ya mwaka gani, hakujua. Tukaenda kwao Makorora jioni ileile, tukaikuta chini ya mwembe imefunikwa turubai, nusu mbili zimeshaachanishwa. Nilimpa tochi nikamwambia atafute beringi yenye masikio, yaani ya thrasti. Akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akasimama hapo. Kisha akaigeuza krenki yake, akahesabu tena hadi tano.

Hakusema neno kwa muda. Mimi nilichukua kitambaa, nikaanza kuifuta kutu ile shingoni, naye akaenda ndani kuleta oili. Tuliipaka yote, tukaifunga kwenye nailoni na kuisimamisha wima kwenye kona ya chumba chake. Atatafuta bloku ya thrasti ya nyuma, na krenki itamsubiri. Jumatatu anakuja gereji na daftari tupu, tuanze na kimo cha pistoni.