Kiraka cha usalama: leo usiku au mwezi ujao?

Kiraka ni sasisho linaloziba tundu la usalama kwenye programu; ubishi ni kukisakinisha mara kinapotoka au kusubiri. Ofisini kwetu Mombasa, karibu na Moi Avenue, kuna skrini ukutani yenye minara yetu ya intaneti: Nyali, Bamburi, Likoni, Mtwapa. Kijani, mnara u mzima. Nyekundu, fundi aamke. Mwaka jana tulisasisha programu inayoendesha skrini hiyo usiku wa Ijumaa (Ijumaa, jamani!). Asubuhi kote kijani. Kumbe toleo jipya halikupatana na PHP, lugha ya kompyuta inayoiendesha, kwenye seva yetu, ukusanyaji wa data ulikwama tangu saa saba usiku, na tulikuwa tunatazama hali ya jana. Likoni ilikuwa imezimika. Aliyetujulisha ni mwenye saiba (duka la intaneti) mmoja, na hakutujulisha kwa upole.

Tangu hapo bosi ana msemo mmoja: kinachofanya kazi usikiguse. Na hoja anayo. Mwaka 2020 wadukuzi walipenyeza msimbo wao ndani ya sasisho lenyewe la SolarWinds Orion, programu ya aina hiihii, likapakuliwa na wateja wapatao 18,000. Aliyechelewa kulisakinisha alisalimika kwa uvivu wake.

Lakini tazama Cacti, programu nyingine ya kufuatilia mitandao, ambayo ofisi nyingi huitumia kwa kuwa ni ya bure. Desemba 2022 ilitangazwa kasoro kwenye faili la remote_agent.php: mtu aliye nje aliweza kuidanganya seva kwamba ombi linatoka kwake yenyewe, kisha akaendesha amri bila neno la siri lolote. Toleo la 1.2.23 liliziba tundu. Kufikia Januari 2023 wadukuzi walikuwa tayari wanalitumia tundu hilo dhidi ya waliosubiri. Na seva hiyo si mashine tu kama nyingine. Ndiyo bawabu mwenye funguo za nyumba nzima: ina siri za SNMP (njia ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yake) za kila ruta, na faiawoli, ukuta wa kuchuja wanaoingia, huipisha bila maswali. Akitekwa bawabu, vyumba vyote vimekwenda.

Mimi naegemea upande wa kuziba, ila si kila kitu. Maelezo ya toleo husema kilichorekebishwa. Ikiwa ni rangi ya grafu, isubiri hata mwezi. Ikiwa mtu wa nje anaweza kuingia bila kujitambulisha, kazi ni leo, baada ya kunakili hifadhidata na kupiga snapshoti (nakala ya mashine nzima ilivyo wakati huo) ili tuweze kurudi nyuma. Tena tunabishania kasi huku hatuulizi kwa nini ukurasa wa kuingilia unaonekana kutoka kila pembe ya dunia. Ukiuweka nyuma ya VPN, njia ya faragha inayopitisha walioruhusiwa tu, siku mbili tatu za kujaribu kiraka pembeni hazitakunyima usingizi.

Bosi amekubali VPN. Kiraka cha siku hiyohiyo bado tunavutana. Nimeongeza skripti fupi kwenye mashine nyingine: data ikipitisha dakika kumi bila kubadilika, inanitumia SMS, hata kama skrini ni kijani kitupu.