Mangi Ameshawasimulia, Sasa Nisikieni Mimi

Kwanza kabisa, sikuruka uzio. Najua Mangi kaandika kwenye grupu kwamba niliingia uwanjani mbio na chipsi mkononi. Uongo mtupu. Niliinama tu, na miguu yangu yote miwili ilibaki jukwaani. Hiyo miguu mtanisikia nikiitaja tena.

Mnaomjua Mangi mnajua akipewa tiketi za bure kazini lazima akuburuze. Safari hii ilikuwa besiboli, hapahapa Ohio, timu ya daraja la chini ya ligi kuu. Siti za mbele kabisa upande wa kulia, ukinyoosha mkono unagusa nyasi. Mimi besiboli nilikuwa naijua kwa kofia zake. Nikawa nakula, nikiuliza "ngapi ngapi?" kila baada ya muda, Mangi anajifanya kaja peke yake.

Kilichoniamsha ni yule mzee anayelinda besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mkimbiaji anavizunguka ili apate pointi. Mzee wa kimpira, maana ana miaka thelathini na kitu, ila ndevu zina mvi na akiinama unasikia magoti yanaomba ruhusa. Mangi akanipa historia yake: huyo bwana kazunguka Marekani yote, akipandishwa ligi kuu wiki mbili, anashushwa, anabadilishwa, anaanza upya. Huku hakuna mambo ya kupokelewa uwanja wa ndege na ngoma na skafu kama Simba na Yanga. Asubuhi kocha anakuita ofisini, kumbe klabu zimeshamalizana, na kesho unatakiwa mji mwingine. Mke na watoto watajua wenyewe.

"Huyu ana nafuu," Mangi akasema. "Kuna Edwin Jackson, yule kachezea timu 14 za ligi kuu, na ligi nzima ina timu 30." Tarehe 27 Julai 2011 jamaa alihamishwa mara mbili kwa siku moja! Chicago wakampeleka Toronto, Toronto hata jezi hawajampa wakampeleka St. Louis. Oktoba akabeba World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu, na hao St. Louis. Toronto ilibidi wasubiri mpaka 2019 ndipo akawachezea, ikawa ndiyo timu ya 14.

Sasa hela. Mkataba wa 2023 wa ligi na wachezaji uliweka kima cha chini cha mshahara wa daraja lile la chini ya ligi kuu dola 35,800 kwa mwaka. Ligi kuu, mwaka huohuo, kima cha chini kilikuwa dola 720,000. Mimi na Mangi, watoto wa maghala, tukaangaliana. Tangu nitue Ohio nimehamishwa ghala mpaka ghala kwa meseji. Basi kuanzia hapo yule mzee akawa ndugu yangu wa damu. Nikawa nampigia kelele kwa Kiswahili: "Twende baba! Usikubali!"

Ngwe ya mwisho, tunadaiwa pointi moja. Wawili wetu wameshatolewa, akitolewa wa tatu tumekwisha, na mwenzao mmoja yuko besi ya kwanza. Anayeingia na gongo ni nani? Ndugu yangu. Uwanja mzima wima.

Akaupiga. Mpira ukapita chini kwa chini pembeni ya besi ya kwanza, ukaambaa na mstari, ukagonga ukuta, ukaanza kuja. Unakuja kwangu, taratibu kabisa, kama una anwani yangu.

Hebu nieleweni hapo. Tangu mchezo uanze nilikuwa naona mipira ikiangukia jukwaani na watu wazima wanaitia mfukoni, hawaoni haya! Mimi nikajisemea, leo wataona mtu aliyelelewa. Mpira umetoka, unarudishwa.

Nikainama, nikauokota. Mdogo, mgumu, una joto. Upande wa pili kuna kijana wa timu pinzani anakimbia kuufuata, nikamwonea huruma. Nikasimama vizuri. Mikono miwili, mpira nyuma ya kichwa, visigino chini, maana mwalimu wetu wa michezo shule ya msingi ukinyanyua mguu anapuliza filimbi. Nikamrushia. Rusha safi, haina dosari, FIFA wangeipitisha.

Yule kijana hakuudaka. Alisimama, akanyanyua mikono yote miwili juu. Mpira ukamdundia miguuni ukatulia. Mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ananishukuru. Nikampungia.

Watu wangu, mpira ulikuwa mchezoni. Ukiwa ndani ya mstari mpaka ukuta unaendelea kuchezwa, na mtazamaji akiugusa refa anausimamisha na kupanga watu upya. Wetu aliyekuwa ameshafika nyumbani, kituo cha mwisho chenye pointi, na kukumbatiwa akarudishwa besi ya tatu. Ndugu yangu, aliyekuwa kajitupa besi ya tatu kwa tumbo na magoti yale, akaambiwa arudi ya pili. Alirudi akijikung'uta vumbi, taratibu, kiunoni mikono, ananitazama. Kelele zilizonishukia sijawahi kuzisikia tangu Yanga wafungwe nikiwa nimevaa kijani kwenye daladala ya watu wa Simba. Halafu wakanirudia kwenye skrini kubwa, mwendo wa pole, kuanzia kuinama mpaka kupunga.

Mengine hayana haja. Walinzi wakanitoa, anayefuata akapiga hewa mara tatu, tukafungwa. Mangi alibaki ndani akamalizia na chipsi zangu. Ufunguo wa gari anao yeye, kwa hiyo nilisubiri maegeshoni, na wachezaji walipoanza kutoka na mabegi yao nikahamia nyuma ya pipa la taka.

Sasa naona kuna stika yangu, mikono nyuma ya kichwa, imeandikwa "RUDISHA". Aliyeitengeneza namjua. Harusi yake ni Desemba, na mweka hazina wa kamati ni mimi.