Kiongozi Apimwe kwa Anavyopokea Habari Mbaya

Mazungumzo kuhusu wakubwa wa kazi hapa Mombasa huishia mara nyingi kwenye tabia zao: huyu ni mkali, yule ni mpole, mwingine hata salamu haitikii. Kwa maoni yangu, sifa hizo hazituelezi mengi. Nimewaona wakali walioaminiwa na watu wao, na wapole ambao hakuna aliyethubutu kuwaambia ukweli. Kipimo ninachokiamini ni kingine, nacho ni muda ambao habari mbaya huchukua kutoka kwa mtu aliyeiona kwanza hadi kwa mkubwa mwenye uwezo wa kuishughulikia.

Chukua ofisi ya wakala wa forodha, kazi inayowalisha wengi katika mji huu. Hati ya mzigo ikiwa na kasoro, aghalabu wa kwanza kuigundua ni karani wa chini kabisa. Siku ambazo kontena hukaa bandarini bila malipo zina ukomo, na zikishapita, gharama za hifadhi huanza kuhesabiwa kila siku, huku kampuni ya meli nayo ikidai malipo yake kwa kontena lililochelewa kurudishwa. Karani anayemwogopa bosi wake atajaribu kuirekebisha kasoro kimyakimya, atampigia simu rafiki huyu na yule, ataomba Mungu Jumatatu ifike salama. Bosi akija kupata habari, mwenye mzigo amekwisha kuzipata. Hapo ndipo kelele huanza, na wale makarani wengine waliokaa wakisikiliza hujifunza kwamba siku yao ikifika, wafiche vizuri zaidi.

Utafiti mmoja unaonisaidia kufikiri juu ya jambo hili ni wa Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika hospitali nchini Marekani. Alitarajia kwamba timu zenye uhusiano mzuri na viongozi bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilimwonyesha kinyume chake: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hawakukosea kuliko wengine, ila walikuwa huru kuyasema makosa yao. Meneja anayejivunia kwamba idara yake haina malalamiko hata moja angefaa kuyatafakari hayo kabla hajajipongeza.

Viwanda vya Toyota, ambavyo magari yake tunayaona kila siku yakishushwa Kilindini, vilijulikana kwa kamba iliyopita juu ya mstari wa uundaji. Mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro, huivuta. Kiongozi wa timu huja mara moja, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati, mstari husimama. Ninachokipenda zaidi katika utaratibu huo ni lile la kiongozi kuja. Habari haimngojei ofisini. Katika sehemu nyingi za kazi hapa kwetu, watu wa zamu ya usiku wanaweza kumaliza mwaka bila kumwona meneja, kisha tunashangaa kwamba matatizo ya usiku hujulikana asubuhi.

Najua nitaambiwa kwamba sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa adabu, na kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Ni kweli, na sioni sababu ya kuiacha adabu hiyo. Lakini adabu ni wajibu wa pande mbili, na mkubwa anayejua kwamba mdogo wake anaona haya ndiye anayepaswa kumfungulia njia: amwite pembeni, amuulize kwa upole ni jambo gani linaloweza kuwaharibikia wiki hii, na akishajibiwa, aanze kwa kushukuru na kuuliza kilichotokea kabla ya kuuliza ni nani. Simaanishi kwamba uzembe uvumiliwe. Aliyekosea akasema, na aliyekosea akaficha, hawastahili kutendewa sawa, na tofauti hiyo ionekane wazi kwa kila mtu.

Mji huu unafahamu gharama ya kutosikiliza. Makuli wa bandarini waligoma mwaka 1939, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa malipo na makazi. Januari 1947 mgomo ukaenea mji mzima, wafanyakazi wapatao 15,000 wakaacha kazi, na bandari na reli zikakwama kwa siku kadhaa. Malalamiko ya malipo duni hayakuwa siri kwa waajiri. Yalikuwa yamesemwa miaka mingi.

Habari mbaya hushuka pia, na hapa ninawalaumu zaidi wakubwa wa hoteli zetu za ufukweni. Kila mtu kuanzia Nyali hadi Shanzu anajua kwamba mvua za masika hupunguza wageni, na meneja huona mapema vyumba ambavyo havitajaa. Hata hivyo, wahudumu wengi hupata habari ya kupunguzwa kwa uvumi wa jikoni. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, lakini mwenye mkataba wa msimu huambiwa tu kwamba mkataba umekwisha. Sheria isipomlazimisha meneja, bado anaweza kuwaita watu wake mwezi Februari, awaonyeshe idadi ya vyumba vilivyowekwa nafasi, na awaambie ni nani ana hakika ya kubaki na ni nani aanze kutafuta kazi kwingine. Mwenye kodi ya nyumba na karo ya watoto ana mengi ya kupanga katika majuma hayo machache.