Dakika 45 za Msomaji Asiyejulikana

Mkutubi anapokataa kuwaambia polisi nani aliazima kitabu gani, haraka huonekana mkaidi, mtu anayewakinga wahalifu kwa kisingizio cha maadili ya kazi. Lawama hiyo ina uzito, lakini wengi wanaoitoa hawajauliza hasa kilichoombwa ni nini.

Tazama kisa cha Connecticut, Marekani. Julai 2005 FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, ilipeleka barua ya usalama wa taifa kwa shirika linaloendesha mfumo wa kompyuta wa maktaba kadhaa za jimbo hilo. Barua ya aina hiyo haihitaji saini ya jaji. Ilidai kumbukumbu za waliotumia anwani moja ya intaneti kwa dakika 45 za tarehe 15 Februari, ikawakataza walioipokea kumwambia mtu yeyote kuwa imefika. Wakutubi wanne, akiwemo George Christian, mkurugenzi wa shirika hilo, walikataa na kwenda mahakamani.

Dakika 45. Ukiisikia unadhani ni ombi dogo, ukaidi wa nini? Lakini kompyuta ya maktaba haina mwenyewe. Anainuka mwanafunzi, anakaa anayetafuta kazi, baada yake anakuja mama anayetaka kujua maana ya ugonjwa aliotajiwa na daktari asubuhi ile ile. Tena anwani moja ya intaneti inaweza kubeba kompyuta zote za jengo. Anayetafutwa ni mmoja, lakini watakaokabidhiwa kwa FBI ni wote waliokuwa ndani, kila mmoja na alichokuwa akikisoma. Na mama yule, akijua kuwa jina lake linaweza kuchukuliwa hivyo, kesho hatauliza. Ataishi na hofu yake bila maelezo, na hakuna takwimu itakayomhesabu.

Upande wa serikali una hoja. Mpelelezi anayefuatilia tishio hawezi kungoja majuma ya mabishano ilhali kuna watu wanaweza kufa kesho. Na kompyuta ya umma si chumba cha kulala; anayeitumia anajua hilo. Sikatai. Mkutubi akimwona mtu anamdhuru mtoto, ataita polisi mara moja, na hakuna kanuni ya taaluma inayomzuia.

Ila kanuni yenyewe haisemi “kamwe usitoe.” Chama cha maktaba cha Marekani kiliandika wajibu wa kutunza siri za wasomaji tangu 1939, na jibu linalofundishwa kaunta ni fupi: leteni amri ya mahakama. Mkutubi hajipi kazi ya kuamua nani ana hatia. Anataka uamuzi huo ufanywe na jaji, mbele yake kuwe na sababu zilizoandikwa, badala ya kufanywa na ofisa aliyeshika barua.

Wapo pia wanaolalamika kwamba maktaba hufuta kumbukumbu, kana kwamba zinaharibu ushahidi. Zamani kadi iliyokaa kwenye mfuko wa jalada la nyuma iliorodhesha majina ya walioazima kitabu. Ukikifungua unajua nani kakutangulia. Siku hizi mifumo mingi, kitabu kikirudi na kama hakuna faini, hukata uhusiano kati ya jina na kitabu. Inafanya hivyo kwa wasomaji wote, kabla hajatokea wa kuuliza. Kuchelea kumjua msomaji kupita kiasi si kuficha ushahidi.

Ninaposhindwa kabisa kukubaliana na serikali ni kwenye amri ile ya kunyamaza. Kesi yao iliposikilizwa Bridgeport, wakutubi hao hawakuruhusiwa kuingia ukumbini wasije wakatambuliwa. Waliifuatilia kwenye televisheni wakiwa Hartford. Miezi hiyo hiyo bunge la Marekani lilikuwa likijadili kuiongezea muda Sheria ya Patriot, sheria ya kupambana na ugaidi, ambayo ndiyo iliyopanua matumizi ya barua za namna hiyo. Watu waliokuwa na ushahidi wa jinsi inavyofanya kazi ndani ya maktaba walikuwepo, na kusema kwao kungekuwa kosa. Sheria ilitiwa saini Machi 2006. Aprili serikali ikaacha kuitetea amri ya kunyamaza, na Juni FBI ikaliondoa dai lake. Wakutubi wakapata ruhusa ya kuzungumza wakati wabunge walikwisha kupiga kura bila kuwasikia.