Lord Salisbury: Amani ya Ulaya na Ramani ya Afrika

Mnamo Agosti 1890, katika karamu jijini London, Waziri Mkuu wa Uingereza Lord Salisbury alisema kwamba mataifa ya Ulaya yalikuwa yakichora mistari kwenye ramani za mahali ambapo mguu wa mzungu haujakanyaga, yakigawiana milima, mito na maziwa bila kujua hasa viko wapi. Maneno hayo hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa jeuri ya wakoloni, na ni kweli yana jeuri ndani yake. Lakini yana pia ukiri ambao wanasiasa wengi wa zama zake wasingeutoa: aliyagawa mambo asiyoyajua, na alijua kwamba hayajui. Anayetaka kumpima kwa haki hana budi kuyashika yote mawili.

Robert Gascoyne-Cecil, kwa jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Hatfield mwaka 1830 katika ukoo wa makabaila waliokuwa karibu na kiti cha enzi tangu siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hakubebwa na jina tu. Alipooa mwaka 1857 bila ridhaa ya baba yake, ilimbidi aandike magazetini ili kuongeza kipato. Mwaka 1867 alijiuzulu uwaziri, kwa sababu chama chake mwenyewe kilileta muswada wa kupanua haki ya kupiga kura, na yeye aliuogopa utawala wa wengi. Hata hivyo, ni serikali yake iliyounda mabaraza ya kaunti ya kuchaguliwa mwaka 1888, na mwaka 1891 ikawaondolea wazazi wengi karo ya shule za msingi.

Wanaomtetea wana hoja nzito zaidi katika mambo ya nje. Aliongoza serikali mara tatu kati ya 1885 na 1902, akishika pia wizara ya mambo ya nje kwa sehemu kubwa ya muda huo, na Uingereza haikuingia vitani na dola yoyote kubwa ya Ulaya. Mwaka 1898, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipokutana Fashoda kwenye Mto Nile, mgogoro uliisha bila risasi kurushwa baina yao. Mkataba wa 1 Julai 1890 na Ujerumani ni wa mtindo huohuo: Uingereza ilitoa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na Ujerumani ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaachia Witu, usultani mdogo kwenye pwani ya Kenya ya leo, na ikaitambua Uganda kuwa upande wa Waingereza. Shabaha yake kubwa ilikuwa chanzo cha Nile, kwa ajili ya Misri na njia ya kwenda India. Kwa mwanadiplomasia, ni biashara iliyofanywa kwa ustadi.

Ila bidhaa yenyewe ilikuwa nchi za watu. Ujerumani ilimlipa Sultani Ali bin Said wa Zanzibar marka milioni 4 kwa pwani ya bara, malipo ambayo asingeweza kuyakataa, na Wadigo na Wamaasai walibaki wakikatwa na mstari wa mpaka unaoanzia mdomo wa Mto Umba, ambao leo unatenga Kenya na Tanzania. Ni kweli kwamba usultani wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya mashamba ya karafuu na kazi ya watumwa, kwa hiyo si haki kuuchora kama mwathirika asiye na doa. Lakini wakulima, wafugaji na watumwa hao hawakuulizwa na upande wowote.

Je, Salisbury angeweza kujifunza? Nadhani ndiyo, na hapo ndipo lawama inapokuwa nzito. Mwaka 1866, akiwa waziri mpya wa mambo ya India, alichelewa kuchukua hatua dhidi ya njaa ya Orissa, ambako watu wapatao milioni moja walikufa, na jambo hilo lilimuumiza kwa miaka mingi. Njaa ilipoingia Bihar, pia nchini India, mwaka 1874 aliunga mkono ununuzi wa nafaka mapema, na vifo vikawa vichache sana. Mtu huyohuyo mwaka 1888 alimtaja Dadabhai Naoroji, Mhindi aliyegombea ubunge, kama mtu mweusi ambaye Waingereza wasingemchagua. Mwaka 1892 wapiga kura wa Finsbury, jijini London, wakamchagua Naoroji. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini haikufika mahali pa kumwona mwenziwe kama mshirika wa kuzungumza naye.

Ndiyo maana siwezi kuiita sera yake sera ya amani bila kuongeza neno. Tarehe 27 Agosti 1896 Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, alipewa hadi saa tatu asubuhi kuondoka kwenye kasri la Unguja. Manowari zilifyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Ufaransa, kule Fashoda, ilipewa miezi ya barua na mabalozi.