Mwenye sonona naye ana damu, ipimeni

Dada yangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, mwaka wa 12 sasa. Kila mwezi anakaa kwenye benchi la kliniki, anaulizwa kama analala vizuri, kama anasikia sauti, kama anameza dawa, kisha anapewa za mwezi mwingine. Mwaka jana alianza kuamka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano kwa usiku. Mama akasema ni dawa tu. Tulipompima sukari kwenye duka la dawa la mtaani, ilisoma 17, juu mno. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumtoboa kidole, ilhali dawa ya olanzapini anayotumia inajulikana kwa kunenepesha na kupandisha sukari.

Tangu siku hiyo nasoma kila ninachopata kuhusu damu, uzee na maradhi ya hisia. Waliozaliwa mwaka mmoja hawachakai sawasawa, na damu huonyesha. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya kuchunguza alama za kemikali zinazojibandika kwenye DNA, katika damu ya watu 811 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na 319 wasio nayo. Kwa wastani, miili ya wenye sonona ilikuwa imetangulia kuzeeka kwa takriban miezi minane, na zaidi kwa waliopitia mateso utotoni.

Miezi minane si mingi. Tena ni wastani wa kundi, haumtabirii mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana nawasihi ndugu wa wagonjwa wasinunue vipimo vya "umri halisi" vinavyotangazwa mitandaoni. Mtu ambaye hata kuoga kunamshinda, karatasi ya kumwambia amezeeka itamsaidia nini?

Lakini mwaka huohuo Morgan Levine na wenzake, Marekani, walieleza njia ya kukadiria umri wa mwili kwa vipimo tisa vya damu, ukijumlisha na miaka ya mtu. Nilipoiona orodha nilishtuka. Vinne vinatoka kwenye picha kamili ya damu, kipimo tunachoandikiwa hata kwa homa. Vilivyobaki ni sukari, kreatinini ya figo, albumini, kimeng'enya kimoja cha ini na mifupa, na protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Vingi kati ya hivyo maabara ya hospitali ya wilaya inavijua.

Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, na wengi huuawa na moyo, sukari, mapafu: magonjwa yenye tiba. Inaniuma kwa sababu nchi hii inajua kufanya vizuri zaidi. Mwenye virusi vya UKIMWI akifika CTC, kliniki ya matunzo na tiba, anapimwa uzito, anachunguzwa kifua kikuu, anatolewa damu, na matokeo yanaandikwa kwenye faili lake. Mwenye sonona anaulizwa usingizi, basi. Kana kwamba kichwa chake kimekuja peke yake na kiwiliwili kimebaki nyumbani.

Sukari ya dada imeshuka hadi 8. Miadi yake ni Jumanne. Nimemwandikia kwenye karatasi ya daftari: sukari, presha, kiuno, figo, mafuta ya damu. Ameikunja, ameitia ndani ya kadi ya kliniki, na safari hii naingia naye chumba cha daktari.